Bendi Isiyokosea

Chuki ya Séraphin kwa Kétsia haikuanza siku Kétsia alipohama bendi. Ilianza mapema zaidi, Nyamitaba, kwenye arusi moja, pale bwana mmoja wa makamo aliposogea jukwaani na bakuli lake la nyama mkononi, akaomba kwa adabu zote wapunguze sauti, maana mezani kwake walikuwa hawasikilizani. Séraphin akapunguza. Bendi yake, iliyoitwa Harmonie, ikaendelea kupiga bila kukosea hata mahali pamoja, na watu wakaendelea kula. Hapo Kétsia, mwimbaji wao, akacheka ndani ya mikro, kipaza sauti chao. Alicheka tu, kicheko cha kukwaruza, na arusi nzima ikageuza shingo kumtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kicheko kile Séraphin hakukisamehe.

Alikuwa mtoto wa wafanyabiashara, watu wa Butembo waliohamia Masisi na kufungua duka la mabati, misumari na kamba karibu na parokia. Nyuma ya duka palikuwa na stoo, na ndani ya stoo palikuwa na vyombo ambavyo bendi nyingine zilivisikia kwa sifa tu: magita ya umeme, kinanda, ngoma kamili, ampli za kukuzia sauti zilizofunikwa vitambaa zisiingie vumbi. Séraphin alipenda roki. Aliipenda tangu akiwa mwanafunzi wa mapadri, alipokuwa akisikiliza kwenye simu zile bendi kubwa za ng'ambo zinazojaza viwanja vya mpira, na aliamini amekwisha kuigundua siri yao. Siri ilikuwa usafi. Nyuzi zimekazwa sawasawa, sauti imenyooka, kila mtu anaingia mahali pake. Kwenye mazoezi aliwasha kipima mapigo cha simu, tik, tik, tik, na aliyetoka nje ya mapigo alirudia wimbo kuanzia mwanzo.

"Ukikosea, batu banasikia," alikuwa akiwaambia. "Tusikosee. Njo siri yenyewe."

Basi hawakukosea. Walipiga kule Kingi kwenye sikukuu ya shule, wakapiga Masisi kwenye sherehe ya jubilei, wakapigiwa makofi, watu wakaenda zao. Baada ya muda mama mmoja kutoka Kingi aliingia dukani kununua mabati, akamwambia Séraphin kwamba kuna bendi nzuri sana ilipiga kwao, na sasa anaitafuta kwa arusi ya binti yake.

"Ni siye, Mama," Séraphin akasema, uso umemchanua.

Yule mama alimkagua kuanzia kichwani hadi viatuni. "Hapana," akasema. "Bale balikuwa bengine."

Ndipo Kétsia alipoleta wimbo wake.

Kétsia alitoka Bihambwe, kwa wakulima wa maharagwe na mihogo. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Siku Kétsia aliporudi nyumbani amevaa suruali na gita mgongoni, baba alimwona tangu mbali akipanda kilima, akaingia ndani, akafunga mlango. Kétsia akabisha. Baba akauliza, "Nani?" Alikuwa amemwona kwa macho yake mawili, lakini akauliza nani. Kétsia akajibu. Baba akauliza tena. Hivyo hivyo mpaka Kétsia akashuka kilima alikotokea.

Wimbo ndio huo, na haukuwa na jambo jingine. Aliuimba stooni, amekaa juu ya gunia la misumari. Aligonga tumbo la gita kwa kifundo cha kidole: ko, ko, ko. Kisha kimya. Kisha sauti nzito ya kuigiza: "Nani?" Naye anajibu kwamba ni yeye, "Njo miye!" Ile "miye" ilipanda juu mno kwa koo lake, ikapasuka katikati.

Gaëlle, dada mdogo wa Séraphin na mpiga kinanda wa bendi, alijikuta ameziba mdomo kwa kiganja.

"Hiyo kimya," Séraphin akauliza, "inabeba mapigo ngapi?"

"Sijue."

"Haujue namna gani? Esdras atajua aje saa ya kuingia?"

"Ataniangalia," Kétsia akasema, na Esdras, mpiga ngoma, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hilo halina taabu.

"Batu bataona tumesahau wimbo, Kétsia."

"Wacha baone hivyo. Miye nilikuwa kwa mulango, sikujua kama atafungua. Weye unataka bajue mapema?"

Séraphin aliuchukua wimbo, akakaa nao wiki nzima, akaunyoosha. Kimya kile akakijaza kinanda, mapigo manne kamili. Ile "miye" akaishusha ili koo lisipasuke. Na mahali palipokuwa na "baba, fungua" akaweka "mupenzi, fungua", kwa kuwa mapenzi yanakwenda kila mahali, Goma, Kampala, popote. Aliporudi na kazi yake alikuwa akiona fahari ya kweli, kama fundi aliyepiga randa ubao wenye vibanzi.

Kétsia alisikiliza hadi mwisho.

"Mupenzi alitoka wapi?" akauliza. "Miye nilifungiwa na baba."

"Kila muntu iko na mupenzi. Si kila muntu alifungiwa mulango na baba yake."

"Njo maana banasahau nyimbo zako, Séraphin. Unaandikia kila muntu. Kila muntu haiko muntu."

"Toka."

"Natoka. Sasa hivi natoka. Hapa ndani munapiga kama batu benye banaogopa kuamsha mugonjwa!"

"Toka kwa stoo ya baba yangu!"

Kétsia akatoka. Esdras akasimama taratibu, akachukua vijiti vyake, vilivyokuwa mali yake, akamfuata bila kuaga. Séraphin akatupa kikombe cha chai ukutani. Kikapasuka, na Gaëlle ndiye aliyeokota vipande.

Bendi ya Kétsia ilikuwa kichekesho, na Séraphin alihakikisha kila mtu anajua kwamba ni kichekesho. Ngoma moja ya Esdras ilikuwa pipa la mafuta lililokatwa. Bafle yao, yaani spika, ilikoroma. Watu waliwaita Mulango kwa sababu ya ule wimbo, nao wakalikubali jina. Lakini kila soko lilipofunguliwa, wimbo ulikuwa umefika. Watu walirushiana kwenye simu. Wateja wa dukani kwao Séraphin, mlango ukiwa wazi kabisa, walisimama kizingitini, wakagonga ubao ko, ko, ko, wakangoja, kisha wakapaza sauti, "Nani?" na kuingia wakicheka. Siku moja aliyejibu kutoka nyuma ya kaunta, "Njo miye!" alikuwa baba yake Séraphin mwenyewe.

Séraphin akaenda Nyamitaba siku ya soko kuwasikiliza kwa masikio yake, nia yake ikiwa kuhesabu makosa. Alisimama kando ya wauza ng'ombe, kofia ameishusha usoni. Makosa yalikuwa tele. Gita lilikuwa limelegea, Esdras alikuwa akikimbiza, mwimbaji alisahau ubeti akacheka, akaanza upya. Séraphin aliyaonja yote kama sukari. Kisha ikaja ko, ko, ko, na kimya. Soko zima likasimama. Mama aliyekuwa akipima maharagwe aliacha kopo hewani. Na Séraphin, aliyeujua wimbo ule kuliko mtu yeyote pale, akagundua kwamba ameinama mbele na amezuia pumzi.

Aliondoka kabla "Nani?" haijaja. Njia nzima kurudi nyumbani alikuwa akimtukana Kétsia kwa sauti, peke yake, hata watu aliopishana nao wakampisha mbali.

"Kaka," Gaëlle alimwambia jioni, "nikuambie kitu? Tukimaliza kupiga, miye mwenyewe nasahau tulipiga nini."

Séraphin akakiongezea sauti kipima mapigo.

Mwaliko wa Walikale ulikuja wakati huo. Mama Pétronille, mfanyabiashara wa mchele na mafuta ya mawese, alikuwa amejenga ukumbi wa sherehe na alitaka kuufungua kwa kishindo. Aliita bendi mbili kutoka Masisi: Harmonie kwa sababu ya vyombo, Mulango kwa sababu ya wimbo. Alimwambia Séraphin hivyo hivyo kwenye simu, bila kuficha, na Séraphin akacheka kwa adabu huku meno yameumana.

Alichukua gari la dukani, yeye mwenyewe kwenye usukani, Gaëlle kando yake, na Trésor, mwimbaji mpya mwenye sauti laini na shati lililopigwa pasi, upande wa dirisha. Vyombo vilikuwa nyuma, vimefungwa kwa turubai, na juu ya turubai palikuwa na kamba nene, mpya, ya kuvutia magari yaliyokwama. Mvua ilikuwa imenyesha. Mbele ya Nyabiondo barabara iliacha kuwa barabara, ikawa uji.

Kwenye mteremko mmoja, karibu kufika Walikale, waliwakuta Mulango. Pikipiki zao zilikuwa zimezama hadi kwenye injini. Esdras alikuwa amelikumbatia pipa lake kama mtoto mgonjwa. Kétsia alikuwa ndani ya matope hadi magotini, gita kichwani, na alipoliona gari akainua mkono.

"Simama," Gaëlle akasema.

Séraphin alishika ukingo mkavu wa barabara.

"Kaka, simama! Kamba iko pale nyuma!"

"Tutachelewa."

"Séraphin!"

Trésor akainamia simu yake, ingawa mtandao haukuwepo. Gari likapita karibu sana, tairi likawarushia matope. Kétsia alishusha mkono, akamtazama Séraphin machoni mpaka kona ilipowatenganisha. Na Séraphin alijisikia vizuri. Hakujidanganya juu ya hilo. Kwa muda mrefu hakuwa amejisikia vizuri hivyo.

Ukumbi wa Mama Pétronille ulinukia rangi mpya. Watu walijaa tangu mchana, wengine wakakaa madirishani. Harmonie wakapanga vyombo, wakapiga nyimbo tano safi kama maji ya kuchuja. Makofi yakapigwa. Watu wakaanza kuongea wao kwa wao, na kutoka nyuma mtu akauliza kwa sauti, "Mulango iko wapi?"

Wengine wakadaka. "Mulango! Mulango!"

"Habajakuya," Mama Pétronille akatangaza. "Barabara imebakamata."

Séraphin akamgeukia Trésor. "Tupige ile wimbo."

"Wimbo gani?" Gaëlle akauliza, huku anajua.

"Ni miye nilitengeneza ile wimbo. Mapigo manne, Gaëlle. Anza."

Gaëlle akaanza, uso kama jiwe. Watu walipotambua wimbo waliruka. Trésor akagonga mikro, ko, ko, ko, na ukumbi wote ukavuta pumzi kwa pamoja. Séraphin aliiona ile pumzi, mabega yote yakipanda. Lakini kinanda kikaingia. Kikajaza mahali palepale walipokuja kusimama. Mapigo manne, na Trésor kwa sauti yake nzuri akaimba "nani", wakati nusu ya ukumbi bado imeshika pumzi na nusu nyingine imeanza kupiga kelele. Walipofika kwenye "mupenzi, fungua" watu wakaimba "baba" kwa nguvu zote, wakamfunika. Trésor akapotea, akanyamaza. Bendi ikaendelea kupiga sawasawa kabisa, bila mwimbaji, mbele ya watu waliokuwa wakicheka.

"Wacha benyewe bakuye!" akapiga kelele mtu wa dirishani.

Na wenyewe wakaja. Waliingia kwa mlango wa mbele, kwa miguu, matope yamewaganda hadi mapajani. Watu wakawapisha. Kétsia hakunawa wala hakukaa. Alipanda jukwaani, akasimama mbele ya Séraphin kwa hatua moja.

"Toka kwa mikro."

"Ampli ni zangu."

"Na nyumba ni yangu," Mama Pétronille akasema kutoka kitini kwake. "Baache bapige, Papa Séraphin. Ao beba ampli zako uende nazo kwa mvua."

Séraphin akarudi nyuma hadi ukutani, gita lake bado shingoni. Esdras akakaa kwenye ngoma alizozizoea. Kétsia akachomeka waya, hakukaza uzi hata mmoja, akagonga. Ko, ko, ko.

Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko vyote alivyowahi Séraphin kuvisikia. Mvua ilisikika juu ya mabati. Kétsia akageuka taratibu, akamtazama Séraphin, na ukumbi mzima ukamtazama pia.

"Nani?" watu wakanguruma.

Kétsia hakujibu "miye".

"Séraphin," akasema ndani ya mikro, kwa utulivu. "Muulize nani alituona tunazama kwa matope akapita. Njo Séraphin. Na kamba alikuwa nayo."

Kicheko kilichokuwa kikianza kikafa. Mluzi mmoja ukasikika, kisha miluzi mingi, kisha zomeazomea iliyotikisa madirisha. Gaëlle aliinamisha kichwa juu ya kinanda. Hapo mtu mwingine angetoka nje, na Séraphin mwenyewe alidhani anatoka. Miguu ilikuwa imekwisha kugeuka. Lakini mkono ukapiga gita. Ulipiga kwa nguvu hata uzi mmoja ukakatika, ukamchapa kidoleni, na sauti mbaya, ya kupasua, ikajaa ukumbini. Akaisogelea mikro ya Trésor.

"Nilipita!" akapiga kelele.

Haikuwa sauti aliyoizoea. Ilikuwa ya kukwaruza, ilimtoka tumboni.

"Nilikuona, nikapita! Kamba nilikuwa nayo, nikapita!"

Akapiga tena gita, na hakujua mkono utakwenda wapi baadaye. Nyuma yake Esdras, aliyekuwa mpiga ngoma kabla ya kuwa rafiki wa mtu, akaingia. Kétsia akamgeukia kwa macho makali, lakini mikono ya Esdras ilikuwa imekwisha kushika njia.

"Nilikuona, nikapita!"

"Juu ya nini?" mwanamke mmoja akafoka kutoka katikati ya watu, kwa hasira ya kweli, akidai sababu. Na wengine wakamfuata, wanazomea na kuuliza, wanapiga miguu sakafuni: "Juu ya nini? Juu ya nini?"

Séraphin akafungua mdomo, jibu halikuwepo. Mkono ukasimama. Esdras naye akasimama, akimwangalia. Hakuna aliyehesabu. Watu wakangoja, na safari hii walikuwa wakimngoja yeye.

"Juu banakukumbuka weye!" akasema hatimaye, karibu kulia, na sauti ikapasuka mahali palepale ambapo angemrudisha mtu mwingine mwanzo wa wimbo.

Ukumbi ulilipuka. Hakuweza kujua kama wanamzomea au wanamshangilia, na huenda wao pia hawakujua. Waliimba "nilipita" wakimnyooshea vidole. Walimwimbisha tena na tena, na kila mara alipofika kwenye swali kimya kilikuwa na urefu wake, na kila mara jibu lilimuuma upya.

Nje, chini ya ukingo wa mabati, Kétsia alimngoja.

"Usifikiri nimesamehe," akasema.

"Sikuomba."

"Ile wimbo iko ya kweli. Na weye uko muntu mubaya. Ibakie hivyo, yote mbili."

"Ulinichekea mbele ya batu, kule Nyamitaba."

Kétsia alifikiri. Ilionekana wazi kwamba hakumbuki. "Wapi?" akauliza, na Séraphin akatamani angalau angemtukana.

Gaëlle akatoka, akaenda garini, akaishusha ile kamba na kumpa Esdras bila kumwomba mtu ruhusa. Kisha akarudi Masisi na Mulango, nyuma ya pikipiki moja, baada ya kuzinasua kwa kamba ile. Trésor alipata lifti kwa wengine, akaacha ujumbe kwamba yeye ni mwimbaji na si mpiga makelele. Séraphin akaendesha peke yake.

Habari zilimtangulia. Baba yake alikwenda kulia dukani peke yake, na mama yake aliongea na Mungu kwa sauti ya kusikika. Jumapili, baada ya misa, kundi la wanakwaya liligawanyika alipokaribia, kama maji yanavyoachana kwenye jiwe. Dada mmoja asiyemfahamu ndiye aliyebaki mahali pake.

"Njo weye mwenye ulipita?"

"Njo miye."

Yule dada alimkazia macho, midomo ameibana kwa dharau. "Haya," akasema. "Na utaimba tena siku gani?"

Akamwambia hajui. Mchana ule alifungua stoo, akakaa juu ya gunia na gita mapajani. Kwa mazoea akawasha kipima mapigo, kikamkera, akakizima. Hakuwa na mwimbaji, wala mpiga ngoma, wala dada. Akajiuliza kama ndani yake kuna jambo jingine la kweli, baya kama lile, ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Halikumchukua muda kulipata, na chini yake palikuwa na mengine. Akachagua lililomtia aibu zaidi, akaanza kulitafutia sauti.